Daftari la Mazishi ya Mama Yako

Mtaa wa Kamiide,
Kurayoshi, Tottori.
13 Novemba 2024

Mpendwa Chizuru,

Pokea salamu za shangazi yako mwenye magoti mabovu. Hujambo, mwanangu? Mgongo unakuachia ulale sasa? Na mumeo Shigeki, kifua chake kimetulia au bado anakohoa na kukana kwamba anakohoa? Nasikia huko Kushiro theluji imeshaanza kuwatania. Huku ni mvua tu, na figili nilizotundika barazani zimekataa kukauka. Mimi ni mzima. Daktari ameniambia nipunguze chumvi, nami nimemwambia apunguze maneno.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Jana nilikupigia, na sikufika mbali kabla hujanikatiza: "Shangazi, jamani! Unamsema Kiyotaka wetu? Yule yule aliyelia siku tatu kuku wetu alipokufa?" Ukacheka, ukaniuliza habari za figili, nami kwa aibu nikakujibu habari za figili. Barua haikatizwi. Jimiminie chai, keti, uisome mpaka mwisho hata kama utanichukia katikati.

Nianze na mazishi, kwa kuwa hukuweza kuja, umefungwa mgongo hospitalini. Mama yako alipumzika vizuri. Maua yalikuwa meupe kama alivyotaka, na kasisi wa hekalu hakurefusha sana. Kiyotaka, mdogo wako, alikaa mbele kama mfiwa mkuu, mgongo wima, akamwinamia kila mtu. Watu walimsifu. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Nami nilikuwa meza ya mapokezi. Unajua ukoo huu: mtu akifa, ni mimi, Yasue, ninayepewa daftari na kalamu ya brashi. Nimeikalia meza hiyo tangu mazishi ya babu yako. Kila anayeingia namwinamia, namsukumia daftari, namwambia, "Jina na anwani, tafadhali," maana bila anwani wafiwa watampelekea wapi chai ya shukrani baada ya siku arobaini na tisa za msiba? Maneno hayo huyasema mdomo wangu, mimi simo.

Mwishoni kabisa akaja Mihoko.

Wifi yako alikuwa ameondoka kwa Kiyotaka tangu Machi. Hakuna aliyejua anakoishi. Polisi walikuwa wameiomba ofisi ya mji ifunge kumbukumbu za makazi yake, asipewe mtu yeyote, hasa mume. Sikujua undani, nilijua tu kwamba kuna neno. Ila mama yako aliujua, kwa sababu ndiye aliyemfungia mizigo kwa mikono yake, kisha akamdanganya mwanawe kwamba mkewe amekwenda kwa daktari wa meno. Mwanamke aliyetendewa hivyo na mkwewe angekosaje kuja kumchomea ubani?

Alikuwa na koti jeusi la kuazima, limempwaya mabegani. Nilifurahi kumwona, Chizuru. Nilifurahi mno, na hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Nikamsukumia daftari. Akaandika jina, akasita, brashi ikabaki hewani mpaka wino ukadondoka. Nyuma yake walikuwepo watu watatu wanangoja. Nami nikamwambia, kwa upole kabisa, "Andika na anwani, mama, tusije tukakosa kukurudishia heshima." Akanitazama. Kisha akaandika. Mbele ya marehemu yule asingeweza kuandika uongo.

Akafukiza ubani wake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Kiyotaka hakugeuka hata mara moja. Jioni nikalifunga daftari kwa kitambaa cha zambarau, nikamkabidhi mfiwa mkuu, kama desturi inavyotaka.

Hayo ni ya Septemba, na sikuwaza lolote. Wiki tatu baadaye kikundi chetu cha ulinzi wa mtaa (unatujua, wazee wenye fulana za kijani na filimbi) tuliitwa ukumbini kusikiliza mhadhara. Tulidhani ni habari za matapeli wa simu wanaojifanya wajukuu. Kumbe amekuja Daktari Kuwabara wa chuo kikuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, aliyetumia miaka mingi kusoma mafaili ya wanawake waliouawa na waume zao, na ya wale walionusurika chupuchupu. Hatafuti nani alikuwa mtu mbaya. Anatafuta nini kilitangulia.

Akatugawia karatasi ya maswali. Mwenyekiti wetu, Inui, akaona lazima achekeshe: "Daktari, umepotea njia! Mtaa huu wanaume ndio wanaopigwa!" Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikiwemo. Yule mama akasubiri tumalize, akasema, "Vizuri. Basi karatasi hii mtaimaliza upesi."

Swali la kwanza: je, mke ameondoka karibuni, au amesema ataondoka? Nilikuwa nadhani akishaondoka ndiyo amepona. Daktari akasema hapana, ndipo hatari inapokuwa kubwa. Swali la nne: je, mume aliwahi kumkaba shingo, hata mara moja, hata kama haikuacha alama? Nikakumbuka Agosti ya mwaka juzi, joto la kuchemsha maji, Mihoko amekuja kunisaidia kuchuma peasi amejifunga skafu mpaka kidevuni. Nikamtania: "We binti, unaumwa au unaringa?" Akasema shingo imekaza kwa kulala vibaya. Nikamletea plasta ya dawa, Chizuru. Plasta! Nikaendelea kutia alama chini ya meza ili Inui asione. Maswali yalikuwa kumi na moja. Nilitia alama nane.

Daktari akasema kwamba katika mafaili yake, kelele hazimwogopeshi kama utulivu unaokuja baada ya kelele, pale mtu anapoacha kutukana na kuanza kuuliza mambo kwa adabu. Sisi tunasema simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini tunasema tu, kisha tunampisha simba kiti. Nikanyoosha mkono, nikauliza mume kama huyo hupataje mahali alipo mke, ikiwa ofisi zote zimefunga midomo. Akanijibu, "Mara nyingi hatafuti, mama. Anapewa. Na watu wenye adabu zao."

Nilitoka pale nikiliwaza lile daftari.

Asubuhi yake nikaenda kwa Kiyotaka kudai daftari, nikasingizia kwamba nataka kuwaandikia watu shukrani. Nyumba ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiona. Akanikaribisha, akanikalisha, akanimenyea peasi, ganda moja refu lisilokatika. Mtoto niliyemjua hakuwahi kumenya hata ndizi. "Daftari hili hapa, Shangazi," akasema, "lakini usijisumbue. Nimeshanakili majina yote. Mwandiko wa Mihoko bado ni mzuri, umeuona?" Sauti yake ilikuwa laini. Nikala ile peasi yote kwa sababu sikujua kufanya nini kingine.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwenye kituo kidogo cha polisi pale darajani. Afisa Kageyama, kijana wa kike ambaye kila siku namkemea kwa kupanda baiskeli bila glavu, alinisikiliza kwa dakika tano, akainua simu kabla sijamaliza. Siku hiyo hiyo Mihoko alihamishwa. Sijui wapi. Waliniuliza kama nataka kumtumia ujumbe, nikakataa, nisije nikasikia jina la mji nikalihifadhi kinywani. Huo mdomo wangu siuamini tena. Walimwita Kiyotaka pia, wakamwonya asimsogelee. Kageyama ananiambia aliwainamia, akawashukuru kwa kazi yao.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Usiku nalala na uso wa Mihoko ukinitazama juu ya brashi. Alikuwa ananiomba nimwambie, "Acha, inatosha jina." Ni maneno matatu tu, nami sikuyasema.

Sasa lililonifanya nikupigie. Siku arobaini na tisa zilikwisha, na Kiyotaka akatuma vifurushi vya shukrani kwa kila aliyeandika daftarini. Chai nzuri, karatasi ya kufungia yenye alama ya msiba, hakuna aliyesahauliwa. Juzi mchana akaja kwangu na kifurushi kimoja mkononi. Akaketi kwenye meza yangu ya kupashia miguu joto, akakiweka katikati yetu.

"Hiki ni cha Mihoko," akasema. "Kutuma kwa posta niliona si heshima, nikampelekea mwenyewe. Saa tatu za kuendesha gari. Nimekuta chumba kitupu."

Nikamwambia, "Polisi walikukataza."

"Kupeleka chai, Shangazi? Chai ya msiba wa mama yangu?" Akatabasamu. "Basi. Nimekata tiketi ya feri. Tarehe kumi na tisa niko kwa Dada. Dada anaandikiwa kadi na kila mtu. Yeye atanisaidia."

Kisha akaniuliza kama magoti yangu bado yananisumbua.

Nilimpigia Kageyama gari lilipotoka tu. Amesema atawaarifu wenzake wa huko kwenu. Lakini mtu kumtembelea dada yake si kosa, na hawawezi kumzuia njiani. Ndiyo maana nakuandikia. Sijui kama Mihoko amekuandikia tangu ahame, wala usinijibu swali hilo kamwe, si kwa simu wala kwa barua. Ila namjua: alikupenda, na ni mtoto wa adabu, na mtoto wa adabu akihama hutuma kadi yenye anwani mpya kwa wale aliowapenda. Kama ipo, ichome. Usiifiche chini ya nguo, maana wewe na Kiyotaka mlilelewa nyumba moja, na anajua unakoficha vitu. Mwambie na Shigeki.

Nakusikia ukisema Shangazi amezeeka, amehadharishwa na daktari mmoja ukumbini sasa anaona wauaji mpaka kwa mtoto aliyemlilia kuku. Alilia kweli, Chizuru. Nilikuwepo, nilimfuta kamasi. Nampenda mpaka leo, na kumwandika hivi kunanichoma. Lakini siku akimuua Mihoko atamlilia vile vile, siku tatu, na kwa machozi ya kweli.

Atakuja mlangoni kwako Jumanne, amenyoa, amevaa vizuri, na picha ya mama yako ndani ya begi. Utalia kumwona, na ulie, ni mdogo wako, mpe chakula. Baada ya kula atakitoa kile kifurushi. Nimekiona kwa macho yangu: jina la Mihoko liko juu kwa mwandiko safi, na chini yake ameacha nafasi ya anwani. Atakusogezea polepole, na atakupa kalamu. Atakuomba kwa adabu, na mkono wako utataka kuandika kabla hujafikiri, maana tumelelewa hivyo wote. Kalia mkono huo, mwanangu.

Nisalimie Shigeki, na Mizue wenu akirudi kutoka chuoni, na yule jirani yenu aliyenitumia samaki wa chumvi ambao daktari amenikataza nami nimewala wote. Kasisi anakusalimu. Wifi yangu, mama yako, awatazame nyote wawili, wewe na Mihoko, na barabara zote zinazokuja huko zijae theluji.

Mimi shangazi yako akupendaye, niliyemsukumia daftari,
Yasue