Maua Kumi na Mawili Yaliyofunguka

Kisumu Ndogo, Kibera

Kaka Kioko,

Habari za hapo nyumbani? Mvua imefika, au bado mnaangalia mawingu tu? Goti la mama linaendeleaje? Mimi ninakula na ninalala, kwa hivyo naweza kusema niko salama, lakini nilicho nacho si habari njema. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako.

Nilikuambia kwa simu kuhusu ile saa. Mteja wa ng'ambo alitaka saa ya ukutani ya kuchongwa kwa mkono, izungukwe na maua yanayochanua kwao baridi kali ikiisha. Mama Wanza, mwenye karakana yetu kule Kawangware, alinionyesha picha kwenye simu yake, akaniachia kazi yote kuanzia mchoro. Alisema nikiiweza atanifanya mchongaji wake wa kudumu.

Nilijitolea, kaka. Maua kumi na mawili, kila moja mahali pa namba, kwenye ubao mmoja wa jakaranda usio na kiungo. Kwetu hakuna msimu kama huo, basi nikafikiria maua yetu baada ya mvua ya kwanza, yanavyojiachia juani kama mtu aliyeshiba. Nikayafungua yote, petali kwa petali. Nilimalizia nyumbani, na asubuhi nikapita nayo katikati ya Soko la Toi imefungwa kwa shuka, nikitamani mtu aniulize nimebeba nini.

Mama Wanza aliipapasa.

"Mutua, kwani haya ni maua gani?"

"Si ni yale ya kwa picha?"

"Ya kwa picha zimefunga, zimesimama kama vikombe. Wewe umezifungua zote! Sasa hii tutairudisha aje?"

Ubao ukishachongwa haurudi. Ningejitetea kwamba niliyapenda yakiwa wazi, lakini ukweli ni kwamba kwenye ile picha niliona rangi na ukungu tu. Nikaona haya kuuliza, nikajaza mwenyewe.

Mama Wanza akaniangalia macho, akarudi nyuma hatua chache, akainua mkono. "Vidole ngapi?"

Nikasema vitatu. Alikuwa amekunja ngumi.

Kliniki wameniambia ni presha ya macho. Matone ya dawa yatashikilia uoni uliobaki, kilichoenda kimeenda. Mteja aliikataa saa. Mimi nimetolewa kwenye patasi, sasa napiga msasa, kazi tuliyokuwa tukifanya tukiwa watoto. Naogopa, Kioko. Nikifunika jicho la kulia siuoni mkono wangu mwenyewe.

Jirani yangu Musyoka anakuja huko Jumamosi na mfuko. Ndani yake mna tezo la baba, lile la kuchongea. Nyumbani kwetu tezo hurithiwa na mtoto mmoja tu, yule atakayekuwa mchongaji, na baba alipokuruka wewe kifungua mimba akanipa mimi, hukusema neno, ukarudi kuchoma makaa. Mimi nilifurahi. Furaha hiyo inaniuma sasa. Lichukue, ni lako.

Nisalimie mama, na shemeji Mwende, na shangazi Ndunge aliyemsaidia mama kutulea. Baba umsalimie wa mwisho. Usimwambie juu ya macho. Mwambie Nairobi imenifanya mvivu, nimeichoka kazi. Atanitukana mpaka majirani wasikie, na matusi yake nitayaweza. Kilio chake sitakiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Mutua