Mashine Aliyoiacha Salumu

Jumamosi. Joto bila jua. Mawingu yamekaa tu juu ya Kariakoo, hayanyeshi wala hayaondoki. Nimeamka, nimeoga, nimekunywa chai. Sikumbuki kama niliitia sukari.

Tangu tumzike Salumu niko hivi. Watu wanasema nimejikaza. Sijajikaza. Nimekufa ganzi.

Salumu alikuwa mdogo wangu. Alikuwa akiwafuata wavuvi baharini na boti yake, anachukua samaki wao na kuwawahisha mnadani Magogoni. Siku ile boti ilikutwa inaelea peke yake, petroli imo tangini. Walioikuta walivuta kamba mara moja tu, mashine ikawaka. Mwili wake ulipatikana baadaye, ufukweni.

Maneno yakaanza hapo hapo mnadani. Mashine nzima, mafuta yapo, bahari shwari, mtu anaiachaje boti yake? Na kwa kuwa asubuhi ile majirani walimsikia akigombana na mkewe, Mwanaidi, jibu wakajipatia wenyewe. Kwamba alijitupa.

Hakuna aliyetuambia usoni. Tulisikia tu msibani, kule walikokuwa wakipika, sauti zikishuka kila tukipita.

Mwanaidi anakalia eda kwangu, chumba cha nyuma. Hamtaji Salumu. Ukimtaja wewe, anageukia ukutani.

Mimi nauza spea za pampu na jenereta, kwa hiyo mashine si kitu kigeni kwangu. Leo nimefunga duka, nikaipeleka ile ya Salumu kwa fundi Chande, mtaa wa Gerezani. Akaifunga kwenye pipa la maji, akaiwasha. Ikanguruma vizuri, maji ya kupoza yanatoka kama kawaida.

"Nzima hii, dada," akasema.

Nilitingisha kichwa. Nilijua maana ya neno lile kwa Mwanaidi, kwamba Salumu alijitupa kweli, lakini ndani yangu hakikusogea kitu.

"Hapa haina mzigo, haisukumi boti," nikamwambia. "Hata jenereta bila mzigo hunguruma hivi hivi."

Akaniangalia kidogo. "Basi tukaijaribu baharini."

Magogoni tukaazima boti ya rafiki yake, naye akaja nasi. Tukafunga mashine ya Salumu, na tangi lake, na mpira wake wa mafuta. Tukatoka kwa kasi. Nikahesabu kuwa tumeshamaliza, kwamba nitarudi nyumbani na jibu lile lile.

Halafu sauti ikashuka. Chande akazungusha mkono wa mashine kuongeza mafuta, boti haikuongeza mwendo. Mashine ikakohoa, ikazima.

Mkondo ukaanza kutuvuta taratibu kuelekea nje.

Chande akatoa plagi, kavu na safi. Akafungua chujio, halina maji wala uchafu. Tundu la hewa la tangi lilikuwa wazi. Kisha akashika kile kipira cha kupampia mafuta, kilicho katikati ya mpira wa kutoka tangini, akakuta kimebonyea. Akakibinya mpaka kikajaa, akavuta kamba, ikawaka papo hapo. Tukaenda kidogo, ikazima tena.

Tukafunga mpira wa mafuta wa mwenye boti. Tukaenda mpaka karibu na Kigamboni na kurudi, haikukohoa hata mara moja. Tukarudisha ule wa Salumu. Ikazima.

Nchi kavu Chande akaupasua kwa kisu. Kwa nje ulikuwa mzuri kabisa. Ndani, ngozi yake ilikuwa imebanduka. Mashine ikivuta mafuta mengi, ngozi inajikunja na kuziba njia. Ikipumzika, njia inafunguka tena.

"Ndiyo maana waliwasha mara moja ikakubali," akasema. "Ilikuwa imeshapumzika. Ila yeye, dada, alikuwa amekwama."

Nikamshukuru. Nikaufunga ule mpira kwenye mfuko wa kitenge. Mikono haikutetemeka. Nilitaka itetemeke.

Nyumbani niliuweka mapajani mwa Mwanaidi, nikamweleza yote. Aliingiza kidole pale palipopasuliwa, akakisogeza huku na huku.

"Kwa hiyo, wifi, alikuwa anarudi?"

Sikutaka kumdanganya. "Sikuwepo. Ninachojua, mashine ilimzimikia, mkondo ukawa unampeleka. Nafikiri aliogelea kutafuta msaada."

"Tuligombana kwa sababu ya kandambili," akasema. "Kandambili zangu, alizivaa chooni akazilowesha."

Akacheka. Kicheko kikageuka, akalia mpaka shingo ikalegea, nami nikamshika kama mtu anayeshika mzigo wa mwenzake. Sasa amelala. Ni jioni, nasikia wauza matunda chini wakikusanya meza zao.

Mimi bado sijalia.

Alfajiri nitaenda mnadani, wakati watu wamejaa na wale waliosema alijitupa wote wapo. Nitasimama katikati yao niwaambie mdogo wangu alikwama baharini. Huenda sauti ikanikatikia mbele yao.

Natamani inikatikie.