Panya wa Kinanda cha Ghalibu

Cheyo, Tabora
4 Januari 2026

Mpendwa kaka Marwan,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na shikamoo. Hujambo huko Maskati? Goti lako vipi, umeanza kusujudu bila kiti? Manal na watoto hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mimi kichwa hakijatulia wiki ya pili sasa, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Kwenye simu ningebabaika nikakata.

Mvua imekolea. Shangazi Bimdogo kule Itetemia anasema mahindi yake yamefika kiunoni, na ukimjua shangazi alivyo mfupi, si habari kubwa hiyo. Anakusalimu.

Nihal anaolewa mwanzoni mwa Shaaban, hilo unalo. Kijana ni wa Nzega, mpole, ana adabu. Anakula kidogo tu, na Hafsa, mama yake Nihal na mkwe mtarajiwa, anaona kama anatukanwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo mimi mwenyewe silielewi, na usinicheke. Mwezi uliopita Nihal alikuja dukani akaniambia, "Ami, nimenunua kinanda cha baba." Nikadhani kapata kingine kama kile cha marehemu kaka Ghalibu, chenye mbao pembeni na vifundo vya kuzungusha kama vya redio. Nikafurahi. Nikahamisha marobota ya khanga nipate nafasi, nikamwuliza mzigo unakuja kwa treni au kwa basi.

Akasema umeshafika. Akafungua laptopu.

Kaka, kilikuwa kinanda cha Ghalibu kitupu! Mbao zile zile, vifundo vile vile, hata mikwaruzo wameichora. Nilipitisha kidole nifute vumbi kwenye kona, kumbe nalo limechorwa. Anasema ni programu inayoiga sintesaiza za zamani, na alichonunua ni haki ya kuitumia. Nikamwuliza, kwa hiyo ulichonunua kiko wapi? Akasema kimo humu. Biashara ya nguo nimeifanya miaka arobaini, na sijapata kumuuzia mtu picha ya kitenge akaenda nayo harusini. Lakini alipochomeka kibodi yake ndogo, ambayo peke yake ni bubu, na kubonyeza, nywele zilinisimama. Sauti ni ya kinanda kile.

Ya kinanda, lakini si ya Ghalibu. Hapo ndipo penye shida.

Unakumbuka wimbo wa kumtoa bibi harusi, ule alioutunga mwenyewe. Aliwapigia mabinti wote wa ukoo huu, na wa kwake alimwahidi tangu akiwa na meno ya utoto. Nihal anataka atoke kwa sauti ile ile ya baba yake. Wimbo wenyewe anaujua, vidole anavyo. Tatizo ni vifundo. Vinanda vya siku hizi vinahifadhi sauti, unabonyeza inarudi. Kile cha Ghalibu hakikuwa na kumbukumbu. Sauti yake ilikuwa pale vifundo viliposimama, basi, na ukivigusa imepotea. Kanda iliyobaki ni moja, na ndani yake vigelegele vimemfunika.

Nihal hakuwa na wasiwasi. Kinanda chenyewe kipo chumbani kwa mama yake. Fundi Sixbert alikifungua mwaka jana akasema ndani kimeoza, hakitalia tena. Lakini vifundo, Nihal akasema, bado vipo pale baba alipoviacha baada ya harusi ya mwisho. Atavipiga picha, avifuatishe kwenye programu, amalize. Tukaenda wote. Akafunua shuka.

Vyote vilikuwa sifuri. Vyote ishirini na tatu, vimelala upande mmoja, vinang'aa.

"Ami, nani amevigusa?"

Nikasema, "Labda panya."

Marwan, panya gani huyo? Ni mimi. Tangu kaka afariki, miaka sita sasa, kila Idi el Fitri naenda kwa Hafsa, nafunua shuka, nafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, na nikimaliza navirudisha vifundo vyote chini, kama mtu anayefunga jiko la gesi. Nilidhani namtunzia. Wallahi nilidhani namtunzia. Kumbe Idi ya kwanza tu nilikwisha kumfuta, na zile nyingine tano nilikuwa nafuta mahali patupu.

Nihal alirudisha shuka tu. Siku zote hizi jioni anakaa na mama yake, anazungusha na kuuliza, hivi au hivi, kama daktari wa macho. Hafsa anajibu, "Bado." Maskini, harusi zote alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Aliisikia sauti, vifundo hakuwahi kuviona.

Na kuna hili limenichanganya zaidi. Kwenye picha ile ya laptopu kuna kifundo kimoja ambacho kaka Ghalibu hakuwa nacho, cha uzee. Ukikizungusha, sauti inalegea na kuyumba, kama vinanda vya zamani vilivyoyumba kwenye joto. Sisi tulihangaika na mafundi miaka mingi kuutoa ugonjwa ule, wenzetu wanauuza! Juzi Nihal akakizungusha hadi mwisho, akawa anabonyeza noti moja tu. Hafsa alikuwa anachambua mchele. Akainua kichwa akasema, "Hapo anapasha moto. Hajavaa kanzu bado."

Kweli, ndivyo alivyofanya, anakiwasha nyumbani nusu saa kabla ya kutoka, anagonga noti moja mpaka itulie. Hafsa alilia, na mimi nikatoka nje kujifanya naangalia mvua.

Basi hiyo ni ya nyumbani, imepatikana. Ya harusini haijapatikana, na mtu aliyeviona vifundo vile kwa karibu kinanda kikipigwa ni wewe. Kwenye harusi ya Ulyankulu, jenereta ilipozimika, ni nani aliyemshikia tochi juu ya vifundo? Mimi nilikuwa nakula pilau. Nakuomba ukae kitako, ufumbe macho, uchore. Hata kama ni vitano tu. Au uje uvizungushe kwa mkono wako, kitanda kipo na asali ya mwaka huu ni nzuri.

Wasalimie Manal na wanao wote, na umwambie Manal udi aliotuletea haujaisha. Hafsa anakuombea afya. Mungu alishike goti lako na alegeze roho zetu.

Jambo la mwisho. Barua za posta huku zimekuwa hadithi, na mimi kupiga picha karatasi na kuituma sijui. Anayejua ni Nihal. Nitamkabidhi hizi kurasa leo baada ya alasiri, wazi, bila bahasha, nami nitakaa pale pale mpaka amalize kusoma. Kwa hiyo ikikufikia, kaka, ujue ameshamjua panya, na bado amekubali kuituma.

Ni mimi mdogo wako nisiyekuchoka,
Fauzi