Mwili Uliorudi

Jumatatu, 6 Juni 1977

Nimepeleka uji ghalani kama kawaida. Mume wangu, Baba Rukia, ndiye mtunza ghala la korosho. Msimu bado, ghala tupu, yeye hushinda akishona magunia yaliyotoboka. Alipotoka kwenda kunawa nikapanda mizani, ile ya kupimia magunia. Nimezidi tena kuliko mwezi uliopita. Nikashuka upesi kabla hajarudi.

Nilikuwa nasema ni nguo, zimebana kwa kufuliwa. Si nguo. Ni mimi.

Jumatano, 8 Juni

Miaka saba sasa tangu nipasuliwe. Kaka yangu Hamisi, baharia aliyehamia Uingereza, ndiye aliyenipeleka. Madaktari wa kule waliukata utumbo, sehemu kubwa wakaiweka kando, wakaunga iliyobaki, ili chakula kipite haraka na mwili ukose cha kuweka akiba. Miaka miwili ya mwanzo choo kilikuwa ndicho chumba changu. Harufu. Aibu. Nywele zilinyonyoka hata nikaogopa kitana.

Lakini nilipungua. Nikawa nasujudu na kuinuka bila kushika kitu. Nikatembea kwa miguu kutoka hapa Bagamoyo mpaka Mlingotini na kurudi siku hiyohiyo, naimba njiani kama mwendawazimu. Sijutii. Niandike tena: sijutii.

Leo jirani yangu Bi Tatu kanishika mkono barazani. "Alhamdulillahi, Mama Rukia, mwili umerudi! Ulivyokuwa umekonda, tulikuwa tunaogopa hata kukuuliza hali." Alifurahi kwa dhati. Nikamshukuru. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikalia.

Hapa kwetu mtu akinenepa hupongezwa. Nimlilie nani?

Jumapili, 19 Juni

Leo nimeinuka kwenye sijida kwa kushika ukingo wa kitanda.

Sikuwahi kumwambia mtu kwa nini nilikubali kupasuliwa. Wote wanajua ni presha. Presha ilikuwapo, kweli. Lakini kabla yake kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Nilikaa mkekani na wenzangu, Yasini ikasomwa, wakati wa kuondoka nikashindwa kunyanyuka. Wanawake wanne wakanishika. Mmoja akacheka. Kisha wakacheka wengi, na maiti hajatolewa ndani. Kila mtu akijificha kwenye kanga yake, mabega yanatikisika.

Namjua aliyeanza. Hukutana naye sokoni, tunasalimiana vizuri.

Namwogopa yule mwanamke niliyekuwa pale mkekani kuliko ninavyoogopa kufa. Anarudi.

Jumatatu, 27 Juni

Nimeanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Baba Rukia kafurahi mno. Kasema Mungu anipe nguvu. Niliitikia amina huku uso umeelekea ukutani.

Ijumaa, 8 Julai

Leo Ijumaa na nimefunga. Jana pia, na juzi. Hii si sunna tena, najua. Magharibi nafuturu kikombe cha chai na kipande cha muhogo, kisha nakunywa maji ya sanamaki, yale ya kuharisha, ili hata hicho kisikae. Naamka na kichefuchefu. Misuli ya miguu inakaza. Moyo wakati mwingine unaruka kama samaki kapuni.

Mizani imeshuka. Nimefurahi furaha ya mwizi.

Baba Rukia ananisogezea sahani. "Kula basi, mke wangu." Nasema nimeshiba. Ananiamini. Mtu mwema huyu, na ninautumia vibaya wema wake.

Jumamosi, 16 Julai

Rukia kaja kutoka Dar kutusalimu. Binti yetu ni mpiga chapa ofisini, macho yake yamezoea kutafuta makosa. Nilipomkabidhi kikombe akakitazama kinavyotikisika juu ya kisahani.

"Mama, mbona mikono inakutetemeka?"

"Kipupwe hiki, mwanangu."

"Kipupwe gani cha mikono peke yake?"

Nikamkalipia kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda. Kaondoka na basi la jioni badala ya kulala. Nimeshukuru kaondoka. Nimejichukia kwa kushukuru.

Alhamisi, 21 Julai

Hospitali, Dar. Naandika nimelala, mwandiko mbaya.

Ilikuwa Jumatatu, darasani. Nafundisha akina mama kusoma kwenye baraza la shule, ile elimu ya watu wazima. Niliandika ubaoni "Mama anapika," nikageuka niwasikilize wakisoma. Miguu haikuwapo. Nilijua naanguka, nikawaza jambo moja tu: wataninyanyua.

Wakaninyanyua. Sikumbuki walikuwa wangapi. Wakanipandisha kwenye lori la chumvi lililokuwa likielekea Dar. Mmoja alinipakata kichwa njia nzima, nguo zake zinanuka moshi wa kuni, akirudia: "Tupo, mwalimu. Tupo hapa."

Hakuna aliyecheka. Nilisikiliza sana. Hakuna.

Jumapili, 24 Julai

Daktari ni kijana, ana subira. Alinihoji huku Baba Rukia ameketi kando ya kitanda.

"Mama, ulikuwa unafunga?"

"Nilikuwa nafunga."

"Na nini kingine?"

Nikakunja pembe ya shuka. Akangoja. "Sanamaki," nikasema.

Hakunigombeza. Alisema damu yangu ilikuwa imekaukiwa madini, na kwamba moyo unaweza kusimama kwa hilo, ghafla, mtu akiwa amekaa tu. Mwenye utumbo uliokatwa kama wangu ndiye asiyefaa kabisa kuchezea dawa ya kuharisha.

Nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu mwaka jana: nilikosea wapi? Akasema sikukosea. Kipande kilichobaki kimekua, kimejifunza kufanya kazi ya utumbo mzima. Hutokea. Mwili ulidhani una njaa, ukahangaika kuniokoa.

Wapo wanaopasuliwa mara ya pili, akasema. Nifikiri.

Sikumtazama Baba Rukia. Nilisikia anavyopumua.

Jumapili, 31 Julai

Nyumbani. Baba Rukia hakusema neno tangu Dar mpaka Bagamoyo. Siku mbili baada ya hapo, salamu tu. Leo baada ya alasiri akaja kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulikuwa unajiua ndani ya nyumba yangu," akasema, "na mimi nakusifia ibada."

Sijawahi kumwona akilia. Hata mama yake alipofariki.

Nikamwambia habari ya ule msiba. Alikuwapo siku ile, nje kwa wanaume, hakujua lolote. Akaniuliza nani alicheka. Sikumtajia. Akaniuliza tena, mshipa wa shingo umemsimama. Nikamwambia: ukimjua utamchukia, na mimi nimechoka kubeba chuki ya mtu mmoja, sitaki tuibebe wawili.

Tulikaa mpaka giza likaingia chumbani, hakuna aliyewasha taa.

Sitapasuliwa tena. Nimemwambia na amekubali. Daktari amesema nile kidogo kidogo, mara nyingi, nitembee, nimeze vidonge vyake, na nisifunge Ramadhani hii. Huenda nitapungua kidogo. Huenda nitaongezeka. Ninaogopa bado. Kuandika kwamba siogopi kungekuwa uongo mwingine.

Ijumaa, 12 Agosti

Akina mama wa darasani wamekuja kunitazama. Wamejaa sebuleni, na mayai, na papai. Wamenisomea habari nzima ya gazeti kwa zamu, wanasukumana viwiko kwa kila neno gumu. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Bi Tatu kasema nimekonda, nijitahidi ninenepe tena. Safari hii nikamwambia: "Bi Tatu, mwili wangu usiupongeze wala usiupe pole. Niulize tu nimeamkaje." Akashangaa. Kisha akauliza, taratibu, kama anajaribu kiatu kigeni: umeamkaje? Nikamwambia ukweli. Tulikaa saa nzima.

Ijumaa, 19 Agosti

Ramadhani. Mji wote kimya mchana, majiko baridi. Mimi ninakula. Niliyefunga bila kuamriwa, sasa nimeamriwa nisifunge. Fidia tumekwisha kuitoa. Bado nilikuwa nakula nyuma ya pazia kama mtoto aliyeiba sukari, na leo mchana nikaacha kabisa, nikasema nitangoja magharibi na wengine.

Baba Rukia karudi kutoka msikitini, kaona sufuria halijaguswa. Kavua kanzu, kaitundika, kaingia jikoni na fulana yake. Nikasikia anakuna nazi. Mwanamume huyu hajakuna nazi tangu tuoane.

Kaleta bakuli dogo la mchuzi wa samaki na ndizi mbili. Kaketi mkekani mbele yangu, midomo imemkauka kwa saumu, kageuza uso kidogo upande wa dirisha ili nisione haya.

Chumvi ilikuwa imezidi. Hakuweza kuonja.

Nimekula wote.