Baba, Uliyekipita Kigoda Ukakaa Mkekani

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuzika kijijini kwetu Haneti, wewe Dk. Augustino Ndahani, mjukuu wa mtemi na mwalimu wa historia. Tulitamani kukuandikia kwa utulivu. Utusamehe, nyumbani hakuna utulivu.

Waliofika kwako Dodoma mjini wanaikumbuka ile picha ya sebuleni: mwana wa mfalme wa Thailand, mwenye masharubu, aliyesaidia kupanga upya shule na utawala wa nchi yake, kisha akaandika historia ya nchi hiyo. Uliinunua ulipokuwa masomoni ng'ambo. Dada yako, shangazi Edina, kila alipokuja mjini aliiamkia shikamoo, akiamini ni mkwe wa upande wa Mama. Ulicheka, ukamwambia, "Huyu kazaliwa kitini, dada, lakini alishuka akazunguka mikoani kuwauliza watu habari zao. Na mimi ndiyo kazi ninayoitaka."

Na kweli ulishuka. Watemi hawatawali tena, lakini ukoo ulikutunzia kigoda cha babu yako, na kila baraza ulikikuta kimewekwa mbele. Ulikipita, ukavua viatu, ukakaa mkekani. Wanaume walinuna. Walinuna zaidi siku ulipotoka nje ya uzio wa miiba unaozunguka baraza, ambako mama na shangazi zetu walikuwa wakisikiliza mambo yao yakiamuliwa na wengine. Ukawaambia, "Ingieni. Siwezi kuandika historia ya nusu ya ukoo." Tangu siku hiyo wanawake walikaa ndani na kusema. Shangazi Edina alisema mpaka tukamwomba apumzike.

Tunakukumbuka ukila ugali wa uwele kwa mlenda, na shati lako jeupe lisipate doa. Tunakukumbuka ukimrekodi bibi yeyote aliyekumbuka wimbo, na ukiwarudishia wanafunzi kazi zao zikiwa na swali moja tu: "Umemuuliza nani?" Ulikuwa mpole sana, ila ukishaamua jambo hukuyumba.

Kisha ikaja siku ya msiba wako. Mdogo wako, Baba Mdogo Castory, alisimama na goti lake bovu akipokea rambirambi. Wanafunzi wako, watoto wa watu kutoka Mara na Mtwara wasiojua mila zetu, walimhurumia. Mmoja wao, Witness, alitafuta kiti akakosa. Akakiona kigoda kitupu kando ya ukuta, akakifuta vumbi, akamsogezea kwa mikono miwili.

"Kaa, mzee wangu."

Akakaa. Katika ukoo wetu, anayepokea rambirambi za mwenye kigoda akiwa amekikalia, huyo amekirithi. Wazee walitazamana. Hakuna anayemwinua mfiwa mbele ya jeneza, kwa hiyo hakuna aliyesema neno.

Witness hana kosa, alifanya adabu aliyolelewa nayo. Lakini Baba Mdogo hajakiachia kigoda hicho mpaka leo. Anasema sasa mwenye neno ni yeye, na wanawake warudi nje ya uzio kama zamani. Jumamosi hii, baada ya ibada ya kukukumbuka, baraza linakaa, na jambo la kwanza ni shamba la mtama la Mama. Baba Mdogo akishinda, Mama atasikia mipaka ya shamba alilolilima tangu ujana wake ikipangwa akiwa nyuma ya miiba, asiruhusiwe hata kukohoa. Tuna hasira, Baba, na tunaogopa.

Juzi mimi Lea, binti yako ninayeandika kwa niaba ya wote, nilikwenda kwake. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Mama yako ndiye kakutuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Jumamosi utakaa wapi?"

Alisugua goti lake. "Kaka alikuwa msomi. Hata akikaa chini, watu wanamwona. Mimi nikikaa chini, nani atajua kama nipo?"

Nilikuja na maneno makali, nikaondoka nayo. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, kwa hasira na kwa huruma pamoja.

Basi Jumamosi itakuwa hivi. Kigoda kitawekwa mbele kama kawaida. Hatutakizuia, hukutulea hivyo. Sisi wanawake tutakuwa tumeshaingia na kukaa kabla mwanamume yeyote hajafika, Mama akiwa mstari wa mbele. Atakayetaka tutoke atuambie machoni.

Unakumbukwa na mke wako Yasinta, watoto wako Lea na Henry, dada yako Edina, wanafunzi wako wote pamoja na Witness, ambaye bado analia kila tukimpigia simu, na mdogo wako Castory, ambaye jina lake tumeliandika bila kumwuliza.

Hatutakusahau, Baba, maadamu tuko hai. Nafasi yako mkekani, kando ya Mama, tumeiacha wazi, na tumeweka mto mdogo wa kuegemeza goti bovu.