Punda Aliyenifuata Kuokota Chupa

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu za Amu zikufikie huko Kiunga. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila babu yako amenunua redio nyingine mbovu.

Wauliza ufanyeje na wasichana wa chama chenu wanaoona haya kuokota plastiki za kuuza. Mimi ujanani nikiokota chupa tupu, nikiwauzia wauza mafuta ya nazi. Siku ya kwanza nilijifunika buibui mpaka macho, nikapita ndia za nyuma, na bado waliokaa barazani wakanisalimu kwa jina. Kumbe punda wetu alikuwa akinifuata.

Nilirudi nyumbani nikilia. Mama akaniangalia, akamwangalia punda.

"Kesho mpakie magunia," akasema. "Maadamu mwaenda pamoja, naye abebe."

Basi waambie wafunue nyuso, watafute punda.

Bibi yako,
Zuhura