Msinizimie Habari za Baba

Small Heath, Birmingham

Kaka yangu Salim,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inawakuta salama nyote hapo Malindi, wewe, shemeji na watoto. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka meno. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe ni mwepesi mno wa kukwepa, kadi inaisha nawe hujajibu kitu.

Nikupe kisa. Yule bibi mwalimu mstaafu ninayemtunza kule Moseley, mpenda chemshabongo za magazetini, juzi nilikuwa namchana nywele akaniuliza kama Baba hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza nimezungumza naye lini. Nikamuuliza kama anataka chai. Akacheka, akasema, "Rukia, you're burking it." Neno hilo sikuwahi kulisikia, na hata binti yake alipokuja hakulijua. Bibi akanieleza kuwa ni kulizima jambo zito kimyakimya, lisipate kuzungumzwa. Eti limetokana na jina la muuaji wa zamani aliyekuwa akiwaziba watu pumzi ili maiti isionekane na alama. Nilishikwa na hasira, Kaka. Si kwake. Kwangu, na kwako.

Maana huu ni mwezi wa nne sasa, kila nikipiga simu Baba ametoka. Ameenda msikitini, saa nne asubuhi! Amelala. Yuko shamba, Baba ambaye goti halimfikishi hata dukani! Na Mama, asiyekosa harusi hata ya jirani wa jirani, hakwenda harusi ya Zuhura, mtoto wa dada yake mwenyewe. Ukaniambia amechoka tu, siku hizi hatoki. Salim, nimelelewa nyumba hiyo hiyo. Mwanamke akijifungia ndani miezi minne, anakaa eda ya mumewe. Nimeyajua haya tangu harusi ile, nikanyamaza, nikawa nakuuliza bei ya nazi.

Najua mnachoogopa. Mnaogopa nitaacha kila kitu nipande ndege, na karatasi zangu bado ziko serikalini, nikitoka sirudi. Sitakuja. Nitalia hapa hapa, na kesho yake nitapanda basi niende kazini.

Nami si msafi. Yale mafua niliyowaambia wakati wa baridi iliyopita hayakuwa mafua. Niliteleza kwenye barafu ya Coventry Road nikavunjika mkono, na jirani yangu Msomali, aliyekulia Garissa, akanipikia wiki tatu. Kila siku ananiambia, "Dada, call home, waambie." Sikuwaambia. Sasa mkono umepona, ndio huu unaoandika. Nimeanza mimi, wewe ufuate.

Kila sala namuombea Baba afya. Kama ametangulia, basi miezi minne namuombea afya mtu aliye kaburini, na dua ya rehema, haki yake kwangu, sijampa hata moja. Hilo silikubali. Mstari mmoja unatosha, ila uwe wa kweli.

Nisalimie shemeji na watoto, na shangazi yetu mshonaji, mwambie buibui lake nalivaa juu ya koti. Mama mwambie simlaumu, nampenda sana. Salamu za Baba sijaziandika, Kaka. Niambie wewe kama nimpe salamu au nimpe dua.

Mdogo wako anayesubiri,
Rukia